Chumba cha Kupanga Moshi: Piga Hesabu Kabla ya Kuchukua Ufunguo

Vyuo vikubwa vya Moshi viko upande wa juu, mji unapoanza kupanda mlima. Vyumba vya kodi ndogo viko upande wa chini, mji unapoteremkia kwenye mashamba ya mpunga na miwa. Mwanafunzi mgeni anayeshuka stendi akiwa na begi moja na namba ya dalali huwa hajalijua hilo, na hapo ndipo pesa ya mzazi wake inapoanza kuvuja.

Nakuandikia wewe uliyepata nafasi ya kusoma Moshi lakini hukupata kitanda ndani ya chuo. Huenda unakwenda Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichoanza mwaka 1963 na ambacho kiko Barabara ya Sokoine. Huenda ni KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa 1971 ambayo sasa inasomesha madaktari na wataalamu wengine wa afya, au Chuo Kikuu Katoliki Mwenge. Kokote uendako, nina neno moja la kukuambia: chumba cha bei nafuu ni kile ambacho gharama zake zote unazijua kabla hujatoa shilingi ya kwanza. Kodi iliyotajwa mlangoni ni sehemu tu ya gharama hizo, na mara nyingine siyo sehemu kubwa.

Kabla ya yote, omba hosteli ya chuo, tena mapema. Vyuo vingi nchini hutanguliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wenye ulemavu, kwa hiyo usijinyime nafasi hiyo kwa kusikia tu kwamba zimejaa. Ukikosa, uliza ofisi ya mshauri wa wanafunzi na serikali ya wanafunzi kuhusu hosteli binafsi na nyumba ambazo wanafunzi waliotangulia wamekaa kwa amani. Kubebana, yaani kulala kinyemela kwenye kitanda cha mwenzako, kunaweza kukuvusha wiki mbili za mwanzo. Usikufanye kuwa mpango wa mwaka. Siku mtakapokamatwa, mwenzako naye atapoteza kitanda.

Anza na bumu, siyo na chumba

Kama una mkopo wa Bodi ya Mikopo, fedha ya chakula na malazi, yaani bumu, ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/2023, ilipopandishwa kutoka 8,500. Kwa mwezi wa siku 30 hiyo ni 300,000. Ukila kwa 6,000 kwa siku, 180,000 imekwenda. Inabaki 120,000, nayo inabeba kodi, umeme, maji, nauli, sabuni, vocha na nakala za kusomea. Andika hesabu hiyo kwenye karatasi kabla hujamsikiliza dalali yeyote, kwa sababu dalali atakuuliza una kiasi gani, na jibu lako ndilo litakalopanga vyumba atakavyokuonyesha.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye tarehe. Bumu huja kwa mafungu, na fungu la kwanza linaweza kukukuta umeshakaa darasani wiki kadhaa. Mwenye nyumba kwa upande wake anataka miezi mitatu, mara nyingi sita, wengine mwaka mzima, siku ya kwanza. Chukua mfano wa chumba cha 60,000: miezi sita ni 360,000, na dalali kwa desturi anachukua kodi ya mwezi mmoja. Hiyo ni 420,000 kabla ya godoro, ndoo na pazia. Mzazi au mlezi anayekusomesha anapaswa kuijua namba hii Agosti, siyo Oktoba. Nimeona wanafunzi wakitumia ada kulipia kodi wakitegemea bumu lifidie, kisha wakazuiwa kufanya mitihani. Ada usiiguse.

Omba miezi mitatu ya mwanzo. Omba kwa heshima, na uombe kabla hujaonyesha kwamba chumba umekipenda. Mama mwenye nyumba anayepangisha wanafunzi anajua kalenda ya bumu kuliko unavyodhani, na anachotaka kujua ni kama utalipa. Mpe tarehe, mpe namba ya mzazi, mruhusu ampigie mbele yako. Maneno kama haya yanatosha: "Shikamoo mama. Nitalipa miezi mitatu leo, na mitatu mingine ifikapo tarehe 15 Januari. Huyu hapa baba, naomba uongee naye." Akikataa, umepoteza dakika kumi tu.

Hesabu ya miguu na ya nauli

Maeneo yanayovuta wanafunzi ni yale yanayozunguka vyuo: Longuo kwa wa KCMC, Rau, na mitaa iliyo kandokando ya Barabara ya Sokoine. Shanty Town ni pazuri, na miti yake inakupa kivuli cha kutosha, ila kodi yake imelenga watu wenye mishahara. Vyumba vya uani kwenye nyumba kubwa za huko hupatikana mara chache, na akikwambia mtu kwamba kipo, kakione siku hiyohiyo. Kwa kodi, Soweto iko katikati. Ukishuka Majengo, Njoro, Pasua na Bomambuzi kodi inashuka pamoja nawe, maisha yamechangamka, chakula ni rahisi. Lakini kutoka huko kwenda KCMC mara nyingi utapanda gari mbili, moja hadi mjini na nyingine kupanda juu.

Piga hesabu hivi. Chumba cha Pasua, tuseme 40,000. Gari mbili kwenda, mbili kurudi, kwa nauli ya 600 kila moja, ni 2,400 kwa siku. Siku 22 za masomo ni 52,800. Chumba chako cha 40,000 sasa ni cha 92,800, na bado hujahesabu saa unazopoteza ukisubiri gari lijae. Chumba cha 70,000 mahali ambapo unatembea kwa miguu kwenda darasani ni rahisi kuliko hicho. Weka namba za siku yako, maana nauli na kodi hubadilika, lakini njia ya kuhesabu ni hiyohiyo.

Umbali upime kwa miguu yako mwenyewe. "Dakika kumi" za dalali ni za bodaboda. Tembea njia hiyo saa moja na nusu usiku, giza likishaingia, kisha uirudie asubuhi. Tazama kama kuna taa, kama maduka yako wazi, kama kuna korongo au shamba la migomba linalokatiza njia. Kwa msichana hili lina uzito kuliko rangi ya ukuta. Kwa mwanafunzi wa udaktari au uuguzi anayetoka wodini usiku, chumba kilicho mbali na barabara yenye watu kitamgharimu bodaboda kila zamu, na bodaboda ya usiku haina bei ya kudumu. Pata dereva mmoja wa kijiwe cha karibu ambaye wenyeji wanamfahamu, na umpe mzazi wako namba yake.

Mvua nayo ihesabu. Masomo huanza vuli ikikaribia, na masika ya Machi hadi Mei ndiyo inayofichua njia mbaya. Udongo wa mlima unateleza, na njia iliyokuwa safi Septemba inaweza kukulazimisha kuvaa mabuti Aprili. Kule chini, kuelekea Mabogini, maji hujaa wakati wa masika, na mashamba ya mpunga yanaleta mbu. Huko chandarua ni lazima. Uliza jirani, siyo mwenye nyumba, maji ya mvua yanapita wapi.

Wachache mtakaa juu kabisa, kwa mfano mkiwa karibu na Chuo cha Wanyamapori Mweka au mkifanya mafunzo Kibosho, Uru au Marangu. Huko mwezi wa Julai ni baridi kweli. Blanketi zito na koti ni gharama za makazi, ziingize kwenye bajeti. Tafadhali usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa unaowaka unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu aliyelala haamki.

Umeme na maji: hapa ndipo kodi ndogo hugeuka kubwa

Swali la kwanza ukishaingia uani: "Mita ya LUKU iko wapi, na ni ya nani?" Wanafunzi wengi huuliza kama umeme upo, wakajibiwa upo, wakaridhika. Kilichofichika ni bei.

Kwa bei za TANESCO zilizotangazwa mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi alipangiwa shilingi 100 kwa uniti, na mteja wa kawaida 292. Ukiongeza kodi na tozo, huyo wa kwanza analipa 122 na huyo wa pili karibu 356. Maana yake, elfu moja ya mteja mdogo inampa uniti nane na kitu, na elfu moja ya mteja wa kawaida inampa uniti mbili na nusu na ushee. Sasa fikiria nyumba ya vyumba kumi yenye mita moja. Nyumba hiyo haiwezi kukaa chini ya uniti 75, kwa hiyo wote mnanunua kwa bei ya juu hata kama wewe una taa moja na chaji ya simu. Chumba chenye mita yake, au nyumba ndogo ya watu wachache, kinaweza kukuokolea pesa kila mwezi bila wewe kuzima chochote. Omba kuona risiti ya LUKU ya mwisho: gawanya pesa iliyolipwa kwa uniti zilizopatikana, utajua nyumba iko kundi gani.

Kama ni mita moja, mchango unagawanywaje? Kwa kichwa, kwa chumba, au kwa mita ndogo za ndani? Mgawanyo wa sawa kwa sawa unamwonea mwenye taa moja na kumfurahisha mwenye friji, pasi na hita ya maji. Utaratibu wenye haki ni mita ndogo kwa kila chumba, au makubaliano kwamba kila kifaa kikubwa kina nyongeza yake. Mwelewane kabla hujaingia, maana ugomvi mwingi wa wapangaji ninaoufahamu ulianza na LUKU iliyokata saa tatu usiku na mtu mmoja kusema yeye alinunua juzi.

Kitu kingine: tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, na ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Hilo ni deni la mwenye jengo. Anayenunua umeme ni wewe, kwa hiyo makato yanaanguka kwako. Tunza risiti na mwombe akupunguzie kwenye kodi ya chumba. Ni pesa ndogo, lakini namna mwenye nyumba atakavyokujibu itakuonyesha jinsi atakavyolipokea jambo kubwa.

Kwa maji, Moshi imebahatika. Mamlaka ya maji, MUWSA, inachukua maji ya chemchemi za mlimani kama Nsere na Shiri, na wageni kutoka miji ya joto hushangaa yalivyo matamu. Bahati hiyo haifiki kila uani. Fungua bomba mwenyewe, usikubali kuambiwa. Lifungue jioni watu wakiwa wengi. Uliza bili inagawanywaje, kama kuna simtanki na nani analijaza, na bomba likikata mnachota wapi. Panapotumika kisima, uliza maji yamepimwa lini: katika ukanda huu wa volkano, hasa ukielekea Hai na Arusha, maji ya ardhini yanaweza kuwa na floraidi nyingi, na kuyachemsha hakuiondoi. Kule mlimani utaona mifongo, mifereji ya wazee wa Kichaga inayopitisha maji shambani. Ni kazi ya akili kubwa ya vizazi, lakini maji yake ni ya migomba na ng'ombe. Usinywe bila kuyachemsha.

Choo kikague kwa macho. Hesabu vyumba, hesabu vyoo, uliza zamu ya usafi. Moshi ni mji unaojivunia usafi, na mpangaji asiyejua siku ya taka atajulikana mtaa mzima ndani ya wiki.

Chumba chenyewe

Inua kichwa kwanza. Bati lisilo na dari linakuchoma Februari na kukunyima usingizi mvua ikinyesha. Alama za kahawia kwenye dari ni ramani ya uvujaji. Nusa kona za ukuta, hasa nyuma ya mlango. Harufu ya ukungu ikiwepo wakati wa kiangazi, masika kifua chako kitalia. Jaribu kitasa, jaribu dirisha, washa taa, chomeka chaja kwenye kila soketi. Ukikuta waya umeunganishwa kwa plasta, ondoka.

Grili nazo zitazame vizuri. Zinazuia mwizi kuingia, na moto ukitokea zinakuzuia wewe kutoka. Mkoa huu unalijua jambo hilo kwa uchungu: mwaka 1994 moto wa bweni katika Shule ya Sekondari Shauritanga, Rombo, uliua wasichana wapatao 40. Kwa hiyo ukienda hosteli binafsi yenye vitanda vya deka, sita au nane kwa chumba, usianze na bei. Uliza milango ya kutokea ni mingapi, nani anashika ufunguo usiku, na kama mlango hufungwa kwa nje. Hosteli inayofungia watu kwa kufuli la nje usiku isikupate, hata kama ni rahisi kuliko zote. Kizima moto kiwepo, na matroni ajue kukitumia.

Mtungi wa gesi wa kilo sita unatosha mwanafunzi mmoja kupika kwa muda mrefu. Uweke penye hewa, mbali na kitanda. Vyombo na godoro usinunue vipya vyote: wahitimu huuza vitu vyao kwa bei ya kutupa kati ya Julai na Agosti, na mapazia na mashuka utapata mitumba ya Memorial au Kiboriloni.

Watu wa nyumba

Nyumba nyingi utakazoona Moshi ni za familia, na mwenyewe anaishi humohumo au jirani. Ukipanda kidogo nje ya mji, chumba chako kinaweza kuwa ndani ya kihamba, shamba la ukoo lenye migomba na kahawa ambalo baba amelirithi kwa baba yake. Hapo unapanga ndani ya familia. Utasalimia asubuhi, utaulizwa ulikuwa wapi, utaletewa ndizi. Ukiugua usiku kuna mtu wa kugonga mlango wake, na hilo halina bei. Kwa upande mwingine, wageni wako wataonekana, muziki wako utasikika, na geti linaweza kufungwa saa nne. Jipime kabla. Kijana aliyezoea geto lake mwenyewe asipange kwa bibi wa kanisani kisha amlaumu.

Uliza masharti yote ya nyumba waziwazi: saa ya geti, wageni wa kulala, kupika, kufua, pikipiki uani. Waulize pia wapangaji, mwenye nyumba akiwa hayupo. "Dada, mama ni mtu wa namna gani?" Sikiliza jibu, na usikilize pia ukimya. Kama wapangaji watatu wamehama mwaka huo, tafuta kujua kwa nini. Kwa wasichana: mwenye nyumba au mlinzi anayezungumzia uzuri wako siku ya kuangalia chumba ameshakujibu. Usumbufu ukianza baada ya kuhamia, usiubebe peke yako. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi, na Dawati la Jinsia la polisi lipo kwa ajili hiyo.

Panga pia habari ya Desemba. Krismasi Wachaga hurudi nyumbani kutoka kila pembe ya nchi, na uani wako utajaa magari ya Dar es Salaam, watoto, mbuzi na moshi wa nyama. Ni wakati mzuri ukikaribishwa. Lakini wapo wenye nyumba wanaotaka chumba cha mwanafunzi aliyesafiri ili walaze jamaa. Kama hutaki kitanda chako kitumike, sema mapema, na iwekwe kwenye maandishi kwamba chumba ulichokilipia hakifunguliwi bila wewe. Ukisafiri, kompyuta na vyeti ondoka navyo.

Kupanga nyumba nzima

Njia ninayoipenda zaidi, na inayotumika kidogo kuliko inavyostahili, ni wanafunzi wanne au watano kupanga nyumba nzima pamoja. Nyumba ya vyumba vitatu, sebule, jiko na choo cha ndani, kodi yake ukiigawa mara nyingi haipiti kodi ya chumba cha mtu mmoja peke yake. Mnapata mita yenu ya LUKU na bomba lenu, mnapika chungu kimoja, na mwenye nyumba anapata mkataba mmoja. Huu ndio mji ambako wakulima wa kahawa waliunda chama chao cha ushirika, KNCU, mwaka 1933 ili wauze pamoja badala ya kila mmoja kubembeleza mnunuzi wake. Mwanafunzi wa ushirika aliyeisoma historia hiyo darasani anaweza kuitumia sebuleni.

Ila muandikiane, hata mkiwa marafiki wa toka nitoke. Nani anasaini mkataba? Akidisko mmoja, yaani akiondolewa chuoni kwa kufeli, au akiahirisha mwaka, kodi yake inabebwa na nani? Friji ni ya nani? Mshika fedha awe mmoja, na kila mwisho wa mwezi aonyeshe daftari. Mtu anayekwepa swali la fedha kabla ya kuhamia msimchukue, hata kama ni mcheshi kiasi gani. Na mchanganye miaka: mkihitimu wote pamoja, nyumba inawaponyoka wadogo zenu.

Pesa inapobadilisha mkono

Dalali ana kazi yake halali, anakuokolea siku za kuzunguka. Mlipe baada ya kuonyeshwa, kukubaliana na mwenye nyumba na kupewa ufunguo, na mwulize mapema kama ana ada ya kukutembeza. Usitume pesa kwa picha za simuni. "Chumba kinagombewa, tuma nusu kwa namba hii nikushikie" ni maneno ya mwizi mara nyingi kuliko ya mfanyabiashara. Kama uko Songea au Kigoma na huwezi kufika mapema, mwombe mwanafunzi unayemfahamu, au jamaa wa kanisa au msikiti wako, aende kwa miguu akuonee.

Thibitisha kwamba anayepokea pesa ndiye mwenye nyumba au amepewa mamlaka naye. Mwenyekiti wa mtaa anamjua. Mfikie, jitambulishe, ni adabu na ni kinga. Kodi ilipe kwa muamala wa benki au simu uliobeba jina la mwenye nyumba, na bado udai risiti iliyosainiwa.

Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo hakuna mahali pa kwenda kulalamika kwamba kodi yenyewe ni kubwa. Kinachokulinda ni karatasi mliyosaini. Isomeke majina, chumba, kodi, miezi, tarehe ya kulipa tena, kodi ikipandishwa ipandishwe lini na kwa taarifa ya muda gani, umeme na maji vinagawanywaje, matengenezo ni ya nani, na notisi ya kuondoka kwa pande zote mbili. Kwa mwanafunzi ongeza kipengele ambacho wengi hukisahau: likizo ndefu na mafunzo kwa vitendo. Miezi miwili au mitatu hutakuwepo. Mwombe mwenye nyumba mkataba wa miezi tisa au kumi, au kodi ya nusu kwa miezi hiyo ukiacha vitu ndani. Wapo wanaokubali, kwa sababu wanajua Agosti na Septemba vyumba vya wanafunzi hulala vitupu. Shahidi asaini kila upande, na nakala moja ibaki kwako.

Siku ya kuingia piga picha kila ufa, kila kioo kilichovunjika, na namba ya mita, kisha umtumie mwenye nyumba picha hizo kwa ujumbe wa heshima. Badilisha kitasa au kufuli kwa ruhusa yake. Ugomvi ukitokea, anza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha baraza la kata kwa usuluhishi, na ikishindikana kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwenye nyumba akiweka kufuli lake juu ya lako usiku, usivunje. Piga picha, ita mashahidi, nenda kwa mwenyekiti asubuhi hiyohiyo na mkataba wako mkononi.

Ukikaribia kuhama, toa notisi kwa maandishi hata kama mnaongea kila siku. Lipa mchango wa mwisho wa maji na umeme, safisha, ziba misumari, rudisha funguo mbele ya shahidi na udai chochote ulichoweka kama dhamana. Na kama nyumba ilikuwa njema kwako, usimwachie dalali. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwezi mmoja kabla, mpeleke kwa mama mwenye nyumba, mwonyeshe mita iko wapi, mwambie siku ambazo maji hukata, na umkabidhi nakala ya mkataba wako ili aanze mazungumzo yake pale ulipoishia wewe.